Alama nne za kuuliza

Saa saba usiku, darini kwetu Langoni. Stima imekatika tangu isha, laptopu i mapajani, intaneti naivuta kwenye simu. Seva iliyo ng'ambo ilikuwa ikimeza nakala ya wiki yetu, ile tovuti ambayo makala zake huandikwa na kuhaririwa na wengi, mstari kwa mstari, mara ikagoma. Ikaandika kwamba ingizo limerudiwa: '0-????'.

Sifuri niliielewa. Katika MediaWiki, programu inayoendesha wiki yetu, ndiyo namba ya makala za kawaida. Zile alama nne za kuuliza ndizo zilizonitoa jasho, maana hatukuwa na makala ya jina hilo.

Wiki yenyewe ni ya maneno ya vyombo vya bahari. Tuliianza 2014, watu sita wa Amu, yaani Lamu, baada ya kuona mafundi wa Matondoni bado wanaunda lakini vijana wao wanasema "ile mbao ya chini" mahali pa mkuku. Tukaanza kuwauliza wazee: taruma, foromali, omo, tezi, joshi. Neno demani peke yake lilitumalizia siku nyingi, kwa sababu ni kamba ya tanga, tena ni upande wa chombo ulio kinyume na joshi, tena ni majira ya mwaka, kusi inapolegea. Ikabidi tuliwekee ukurasa wa kutenganisha maana.

Mpaji wetu mkubwa alikuwa babu yangu mmoja, nahodha aliyeacha bahari kwa ajili ya magoti. Aliposikia "wiki" alidhani ni kazi ya siku saba. Nikamweleza kwamba ni neno la Hawaii, maana yake haraka, na kwamba Ward Cunningham alilipata kwenye jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu akalipa programu yake ya mwaka 1995. "Haraka," akasema, "na nyinyi mna mwaka wa tatu mwaniuliza kamba."

Kila makala ina jina kwa herufi za Kirumi. Kando yake tuliweka ukurasa wa kuelekeza wenye jina hilohilo kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa wazee wetu wengi walikwenda chuoni kabla ya skuli, na Kiswahili wanakiandika kwa hati hiyo. Mzee huandika anavyojua, naye akafikishwa palepale. Sasa nakala niliyoichukua ilikuwa imegeuza kila herufi ya Kiarabu kuwa alama ya kuuliza. Neno la herufi nne likawa ????, na jingine la herufi nne nalo ????. Hifadhidata haikubali kurasa mbili za jina moja. Iligoma kwa haki.

Jinsi nilivyofika pale ni kisa cha miaka saba ya uvivu.

Mwanzo tulikodi nafasi kwenye seva ya kushirikiana, ile ya bei nafuu ambapo tovuti nyingi hukaa mashine moja kama wapangaji wa nyumba ya vyumba. Paneli yake ilikuwa na kitufe cha kusimika wiki. Nikabonyeza, nikajaza jina, kabla chai haijapoa tukawa na MediaWiki 1.23. Kitufe kile ndicho kilichonilemaza. Sikujua faili zimekaa folda gani, sikujua jina la hifadhidata, sikuwahi kuifungua faili ya mipangilio, LocalSettings.php. Mtu akikukaribisha nyumba ukawa unatumia mlango wa mbele tu, hutajua karo iko wapi mpaka siku itakapofurika.

Toleo la 1.23 lilikuwa la kuhudumiwa muda mrefu, nami nikalifanya la milele. Mwanzoni mwa 2021 kampuni ikaleta barua pepe: PHP 5 inaondolewa, kila mtu atakuwa kwenye 7.4. PHP ndiyo lugha iliyoandikiwa MediaWiki. Niliisoma, nikaipita. Siku ilipofika wiki ikawa ukurasa mweupe pee, hata neno la kosa hakuna. PHP 7 ilitoka mwisho wa 2015. Toleo letu lilikuwa limeandikwa kabla yake na halikuijua. Babu akanipigia simu: "Ndoo utizame, mjukuu wangu. Maneno yangu yamefutwa?"

Nikamwambia hayajafutwa, huku sina hakika.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikasoma maelekezo, kazi ambayo ningeifanya mwaka wa kwanza. Na jambo lililonituliza moyo lilikuwa hili: ndani ya folda ile yenye maelfu ya faili, vyetu vilikuwa vitu vinne tu. Hifadhidata, ambamo mna makala na historia yake yote. Folda ya images, yenye picha tulizopakia. LocalSettings.php, faili moja ya mipangilio na manenosiri. Na viendelezi, vile vijiprogramu vya kuipa wiki uwezo zaidi, tulivyojiongezea wenyewe. Vilivyobaki vyote ni vya watu wote, vinapakuliwa bure wakati wowote, na vikipotea havina matanga. Tangu siku ile, niingie mazingira gani ya seva, swali langu la kwanza ni hilo: vile vinne viko wapi hapa? Kila mara nilipoumia, nilikuwa nimedhani najua jibu.

Basi nikatazama matoleo. Tangu toleo la 1.36, MediaWiki huahidi kukuvusha matoleo mawili ya muda mrefu kwa mkupuo, si zaidi. Kwa hiyo mtu wa 1.23 asiote kuruka mpaka la leo. Atafika kwanza 1.35, lililotoka Septemba 2020, ndipo aendelee. Na kila toleo lina PHP yake: 1.35 linataka 7.3 kwenda juu. Kampuni ilikuwa imenipa 7.4, kwa hiyo nilikuwa na bahati bila kustahili.

Nikapakia 1.35 kwenye folda mpya. Watu wengi huifungua juu ya ile ya zamani, faili kuukuu zikabaki zimechanganyika na mpya. Ni kama kupiga kalafati juu ya pamba iliyooza, chombo kitavuja tu na hutajua kwa wapi. Nikarudisha LocalSettings na picha. Ikabaki kuisasisha hifadhidata yenyewe ifuate umbo jipya. Kwenye seva yenye mstari wa amri hiyo ni kazi ya update.php, amri moja. Seva ya kushirikiana niliyokuwa nayo haikuwa na mstari wa amri. Njia iliyopo ni kufungua anwani ya mw-config kwenye kivinjari, nayo inakudai ufunguo ambao umo ndani ya LocalSettings, kwenye mstari wa $wgUpgradeKey. Nikaupata, nikaubandika, ikaanza. Ikaenda, ikaenda, ikakatwa. Seva zile hukata kazi yoyote inayozidi muda wake ili mpangaji mmoja asile haki ya wenzake, na hifadhidata yetu yenye historia ya miaka saba haikuwa kazi ya nusu dakika. Nikawa na wiki iliyovuka nusu: si 1.23 tena, si 1.35 bado.

Nikakodi VPS, mashine yangu peke yangu, yenye Ubuntu 20.04 ambayo PHP yake ni 7.4, ili nimalizie huko. Nikarudi paneli ya zamani nikaingia phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari, kuchukua nakala. Pale pana kisanduku cha kuchagua seti ya herufi za faili. Palikuwa pameandikwa utf-8, seti inayobeba herufi za Kirumi na za Kiarabu pamoja. Mimi, kwa ujuzi wa kuokota, nikapabadilisha pakawa iso-8859-1, kwa sababu nilikumbuka mtu akisema MediaWiki za zamani huhifadhi hivyo. ISO-8859-1 ina herufi za Ulaya ya Magharibi tu. Herufi isiyoijua haikatai wala haikuonyi. Huiandikia alama ya kuuliza na kuendelea na safari.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilipoifungua faili, mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Matini ya makala yalikuwa salama, kwa kuwa MediaWiki huyahifadhi kama baiti ghafi na phpMyAdmin huyatoa kwa namba bila kuyagusa. Majina ya kurasa ndiyo yaliyokufa, kwani yalikuwa kwenye safu za maandishi. Yaani mwili upo, majina hakuna. Kosa likaonekana pale tu majina mawili yaliyokufa yalipogongana.

Usiku ule nilitaka kulia, kisha nikakumbuka kwamba kule nilikotoka hakujafungwa. Hifadhidata ya zamani ilikuwa bado inapumua kwenye seva ya kushirikiana, imevuka nusu lakini baiti zake hazijaguswa, na akaunti ilikuwa na siku tisa kabla ya kumalizika. Nikarudi, nikachukua nakala upya, mara hii bila kugusa kile kisanduku. Kabla ya kuipeleka popote nikaifungua nikatafuta neno tanga kwa herufi za Kiarabu. Likajitokeza, te, nun, ghain na alif, zimekaa kama zilivyoandikwa. Nikaimeza kwenye VPS, nikaendesha update.php, ikachukua pale ilipoachia na kumaliza. Karibu na adhana ya alfajiri wiki ikafunguka.

Hiyo ndiyo imekuwa desturi yangu: nakala haiondoki mkononi mpaka nimelitafuta neno moja la mtihani ndani yake. Rafiki yangu wa Malindi alipohamisha wiki ya shamba lao, kila herufi ya Kiarabu ilimgeukia Ø na Ù. Nikamwambia asihofu. Ukiona Ø na Ù, baiti zipo zote, zimesomwa kwa miwani isiyo yake, unaweza kuzigeuza. Ukiona alama za kuuliza, katika nakala hiyo hakuna kilichobaki cha kugeuza.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, nitateta kidogo. Wataalamu wa lugha wameamua nakala ya akiba iitwe chelezo. Kwetu pwani chelezo ni kile kinachoelea kuonyesha mtego au nanga iko wapi. Mwanzo nililicheka neno hilo. Siku hizi naliona limekaa vizuri, ila watu husahau kwamba chelezo kikielea peke yake bila kamba chini hakionyeshi chochote.

VPS nayo ina mambo yake, nitayapita haraka. Niliwahi kuchukua msimbo kwa git, chombo cha waandishi wa programu, badala ya kupakua kifurushi, nikajikuta kwenye tawi la maendeleo, bila viunzi vya nje wala ngozi za kurasa. Mtu wa kawaida achukue kifurushi, kila kitu kimo. Niliwahi kubadilisha Apache, programu inayowatolea wasomaji kurasa, nikaweka nginx kwa ajili ya wepesi, bila kujua kwamba nginx haisomi kabisa faili za .htaccess, na kila mlango uliokuwa umefungwa kwa .htaccess ukawa wazi. Na maroboti ya matangazo yalitujia kwa mamia mpaka nikawasha swali la mlangoni linalotokana na kiendelezi cha ConfirmEdit, ambacho huja na MediaWiki. Swali letu linauliza ni mnyama gani anayebeba mchanga na mawe katika vichochoro vya Amu. Binadamu wote wamejibu. Roboti mmoja alijibu "helikopta".

Mwaka 2023 mpwa wangu, anayesoma kompyuta Mombasa, alikuja likizo akanikuta nanakili folda kwa mkono. "Samahani mjomba, hayo mambo ni ya kale. Tuweke Docker, kusasisha ni kuvuta kifurushi kipya cha programu na kuwasha." Toleo letu la 1.35 lilikuwa linakaribia mwisho wa huduma, Desemba mwaka huo, kwa hiyo nilikuwa na sababu. Akaandika faili fupi: konteina moja, yaani boksi la programu linalojitegemea, ya wiki ya 1.39, moja ya hifadhidata. Ilipendeza kweli. Niliuliza swali langu, vile vinne viko wapi? Akanionyesha: hifadhidata ina hazina yake nje ya konteina, LocalSettings imeunganishwa kutoka nje, viendelezi vivyo hivyo. Nikahesabu vitatu. Nikajiambia cha nne nimekisikia.

Sikukisikia. Picha za zamani alizinakili ndani ya konteina yenyewe, na kwa miezi kadhaa kila picha mpya ikaingia humohumo. Siku tuliposasisha, konteina ya kale ikatupwa na mpya ikaamka na folda ya images tupu. Makala zote zipo, maelezo ya picha yapo, jina la aliyepiga lipo, picha hakuna. Mahali pake pana kiungo chekundu. Za zamani nilikuwa nazo kwenye nakala ya VPS. Za miezi ile, 47, ziliondoka.

Mpwa wangu hakula siku ile. Sikumgombeza, mtu aliyewahi kuchagua iso-8859-1 hana ulimi wa kugombeza. Tulikwenda simu kwa simu, nyumba kwa nyumba, Mkomani mpaka Shela, kuomba watu watazame kwenye WhatsApp walizotumiana. Tukarudisha 36, nyingi zimebanwa mpaka misumari haionekani. Sasa folda ya images ina mstari wake kwenye faili ya Docker, nao nimeuandikia maoni kwa herufi kubwa.

Nje ya hayo kuna ile ya Faza. Walimu wa shule moja kisiwani Pate waliomba wiki itakayofanya kazi bila intaneti, maana bando huko halitoshi darasa. Kupanda MediaWiki na hifadhidata yake kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inawezekana, lakini nilitaka kitu ambacho mwalimu anaweza kukiokoa mimi nisipokuwapo, na kwenda Faza si kuvuka barabara: mashua inasubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Nikaweka DokuWiki, programu nyingine ya wiki. Haina hifadhidata. Kila ukurasa ni faili ya maandishi ndani ya data/pages, na matoleo ya zamani yako data/attic. Kwa swali langu hili ndilo jibu bora nililowahi kupata: vyako viko hapa, vifungue kwa chochote.

Kilichonishangaza huko ni saa. Mwalimu alinipigia akisema kurasa zilizoandikwa Jumatano zinaonekana za Jumatatu, na wanafunzi wanagombana nani alianza. Ilichukua muda kuelewa. Raspberry Pi ile haina betri ya saa. Stima ikikatika, ikirudi hujikumbusha saa ya mwisho iliyoihifadhi na kuendelea kutoka pale. Wenye intaneti hurekebishwa bila kujua, wasio nayo hubaki nyuma kila kukatika. Na DokuWiki hutambua kila toleo la ukurasa kwa saa yake. Nikapeleka kidude cha saa cha DS3231, kina betri ndogo ya duara kama ya saa ya mkono, nikakichomeka kwenye pini. Ugomvi ukaisha.

Memori kadi nayo ilikufa mwaka uliofuata, kwa stima za kuja na kwenda. Mashine haikuwaka tena. Mwalimu akaichomoa kadi, akaitia kwenye laptopu yenye Linux, akazikuta kurasa zote zinasomeka. Nilipofika na kadi mpya alikuwa ameshazinakili kwenye flashi. Zaidi ya kadi, nilichobadilisha mimi ni kebo ya chaji tu, ambayo chumvi ya bahari ilikuwa imeigeuza kijani.

Mwaka huu uliopita nilivuka kwenda 1.43, lililotoka Desemba 2024. Linataka PHP 8.1 na kuendelea, na kiendelezi kimoja tulichokipenda mwandishi wake alikiacha miaka mingi. Nikakitoa kwanza, ndipo nikasasisha. Nilifanya majaribio kwenye laptopu na nakala kamili, nikafanya tena kwenye seva. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa. Nilikaa nikisubiri kitu kiharibike, hakikuharibika.

Picha kumi na moja bado hatujazipata. Moja ni ya jahazi la babu mwenyewe, limepigwa kutoka tezi, siku lilipovutwa pwani kupakwa deheni kwa mara ya mwisho. Mwenyewe aliyelinunua amekwisha kulivunja kuni. Nilipokuwa nasafisha viungo vyekundu nikaufikia ule, nikamuuliza kama niufute, kwa kuwa ukurasa unaonekana umeharibika.

Akauliza yale maneno ya chini ya picha bado yapo. Nikamsomea: jina la chombo, fundi aliyekiunda, mwaka.

"Basi acha hapo," akasema. "Huenda mtu anayo."